Mapendo Haiko Hapa

Pascal alikuwa akilinda magari mbele ya maduka huku Point, Durban, nami nilikuwa nikiishi naye chumba kimoja, kwa hiyo uimbaji wake niliujua hata nilipokuwa sitaki. Mimi Mtanzania, nimelelewa na taarab. Muziki wa tango niliujulia kwake. Zamani, Bukavu, aliimba kwenye bendi ya baa ambayo mwenyewe, Mbelgiji mmoja, alipenda santuri za tango. Pascal akazitilia maneno ya Kiswahili. Wimbo wake mkubwa ulihusu msichana wa mtaani aliyevaa hariri akajibadilisha jina, na mwanamume aliyebaki kwenye kona akimwita kwa jina lile la kwanza.

"Karibu zote njo hivyo," aliniambia kwa Kiswahili chao cha Bukavu. "Mwanamke anageuka, mwanaume anabakia kulia."

Upuuzi mtupu, nilimwambia. Lakini alikuwa na sababu. Msichana aliyekaa meza ya mbele akiucheka wimbo huo aliitwa Mapendo, na mahari yake kutoka kwa Pascal ilikwisha pokewa. Vita vya mwaka tisini na sita vikawatawanya, huyu huku, yule kule. Pascal akasikia kwamba Mapendo ameshuka Kusini, naye akashuka. Alimuulizia Durban nzima, kanisani, kwenye foleni za makaratasi, kwa wauza simu. Hakuna aliyemjua.

Kosa lenyewe lilikuwa la Kizaire. Enzi zao serikali ilipiga marufuku majina ya ubatizo, watu wakaitwa kwa majina ya nyumbani. Sasa nchi imerudia kuitwa Kongo, na watu nao wameyarudia majina ya kanisani. Yeye mwenyewe Bukavu walimjua kwa jina la Bisimwa. Hapa Durban jina hilo alinitajia mimi tu. Alijibadilisha, ila hakuwahi kufikiri kwamba na mwenzake angejibadilisha.

Henriette, jirani yetu muuza vitenge, ndiye aliyemfungua macho: mtaa wa nyuma kuna mwanamke wa Bukavu ana saluni, anaitwa Constance; huenda ndiye huyo, amebadilisha jina. Jumamosi asubuhi Pascal akaazima shati langu jeupe, akaniomba nimsindikize. Nilimhurumia.

Saluni ilijaa. Mwanamke alikuwa akisuka, ametupa mgongo, na Pascal akamtambua kutoka mlangoni.

"Mapendo iko?" aliuliza.

Wateja wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Eish, papa anatafuta mapendo kwa saluni."

Mwanamke hakucheka, wala hakuacha kusuka. Alitutazama kwenye kioo kwa kitambo. Mwanamume aliyebeba mtoto akachungulia kutoka chumba cha ndani.

"Chérie, njo nani?"

"Mapendo haiko hapa, papa," mwanamke akasema. "Hapa iko Constance tu."

"Pardon, maman," Pascal akajibu. "Nimekosea mlango."

Tulikuwa tumeshafika kizingitini tuliposikia sauti yake, ya chini.

"Wende muzuri, Bisimwa."

Tulitembea hadi kwenye robot, taa za kuongozea magari. Taa ikawaka kijani, asivuke.

"Ulimtajia jina lako?" nikamuuliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Hapana," akasema, akaanza kulia.

Hajaimba tena. Mimi niliyekuwa nikimwambia anyamaze ndiye ninayembembeleza sasa, naye hunijibu kwamba maneno ya wimbo ule ameyasahau.