Neno Moja Kwenye Kona

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa na shule ikaniishia darasa la pili. Mama alitulea kwa kubeba kuni, kamba kwenye paji la uso, kutoka msituni mpaka soko la Kiriaini. Nilitembea nyuma yake na mzigo wangu. Kuandika nilijifunza nikiwa na ndevu, kwa hivyo mtu asinisahihishe.

Nilipata wavulana watano, halafu msichana. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na baba humwita mama. Namwita hivyo tangu azaliwe.

Msichana alikuwa na mbio. Mazoezini hakuna aliyemshika. Siku ya mashindano alitapika asubuhi, akatoka kama amefukuzwa na ndovu, na mzunguko wa tano ukamkuta amekwisha. Mimi nilisema ni uoga, na uoga dawa yake ni kelele. Nilisimama kwenye waya wa uwanja nikapiga mayowe: "Mama! Mama yangu hakuwahi kushindwa na mtu! Usiniaibishe!"

Alipomaliza wa nane, akiwa na miaka kumi na minane, aliniambia tukirudi nyumbani, "Baba, mbio zijazo za Nyeri ndizo za mwisho. Nisipoingia wawili wa kwanza, naacha."

Mwalimu wake wa mbio ni mama Mwislamu wa Nyeri mjini, mfupi, ushungi kichwani na raba miguuni. Nilimdharau. Nilikuta amewalaza wasichana kwenye nyasi, macho yamefungwa, ati wakimbie kwa kichwa kwanza, kona baada ya kona.

"Mwalimu, nalipa nauli mtoto aje kulala?"

"Wanakimbia, mzee. Ni wewe huoni."

Akanivuta kando. "Huyu unamwita mama. Huyo mama yako alikuwa mtu gani?"

Nikamweleza habari za kuni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa nimeelewa. Ukipiga kelele hiyo, mtoto anakimbia na kuni za bibi yake mgongoni. Wenzake hawana mzigo. Nyumbani mwite mama. Uwanjani, hapana."

Hasira ilinipanda. Siku tatu sikumsalimia. Siku ya nne nikarudi kumuuliza kama ananitaka nibaki nyumbani.

"Muulize mwenyewe," akasema.

Msichana akafikiri. "Baba, nikiogopa mabega yangu yanapanda mpaka masikioni. Simama kona ya mbali. Nikipita, sema 'mabega'. Basi."

"Hata 'kimbia' usiongeze," mwalimu akasema.

Siku ya Nyeri asubuhi hakutapika. Alikunywa uji wote. Mbio zilikuwa mizunguko saba na nusu. Wengine walichomoka, yeye akabaki nyuma, anahesabu pumzi kama alivyofundishwa. Kila alipopita nilisema "mabega" taratibu kama mtu kanisani. Jirani yangu wa siku zote kwenye waya akanifuata huko konani.

"Wee mzee, leo umemeza nini? Umekufa?"

"Niache, niko kazini."

Msichana akampita mmoja, akampita mwingine. Mzunguko wa mwisho, msichana wa Wang'uru aliyeongoza alikuwa ameshaenda zake, na wa pili alikuwa msichana wa Kutus, mrefu, hatua mbili mbele ya wangu. Alikuja kwenye kona mabega yamepanda. Lile jina lingine likafika kwenye meno yangu. Nikauma kofia. Nilipoitoa mdomoni nikasema lile neno moja, na hata sijui kama lilisikika. Mabega yakashuka. Nimeona watu wakiinua mawe makubwa, lakini jambo gumu kama lile sijaona mtu akilifanya, tena akiwa amechoka hivyo. Akampita wa Kutus kwenye mstari ulionyooka.

Wa pili. Mwalimu hakuruka. Alimfuata tu na maji na kumuuliza, "Ulikuwa unawaza nini hapo?"

"Hatua inayofuata, mwalimu."

Mwalimu yule hajawahi kunigombeza mbele ya watu, ingawa nilistahili. Namheshimu kuliko wanaume wengi ninaowajua.

Msichana hajaacha mbio. Wageni wakija huniuliza medali yangu iko wapi. Si yangu, iko chumbani kwa mwenyewe. Vyangu ni hivi: ekari mbili za chai, ekari moja ya kahawa, ng'ombe wanne wa maziwa, nyumba ya mawe, tangi la maji na pikapu moja kuukuu.