Diski Mbili za Mwalimu wa Ibaba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tunduma, Mkuu wa Mitambo alinikabidhi bisibisi na kunionyesha kompyuta iliyofunguliwa ubavu. Alikuwa mtu wa Tanga, mcha Mungu, mkali wa kazi.

"Binti, kabla hujagusa chochote humu, shika kwanza bati la kasha," aliniambia. "Mwili wako una umeme. Wewe huusikii, lakini kifaa kinaungua."

Wakati ule diski mbili za kuhifadhia kazi ndani ya kompyuta zilichangia kebo moja, pana kama utepe. Nyuma ya kila diski kulikuwa na kipini kidogo tulichokiita jampa. Ukikikosea, kompyuta haijui ipi inaongoza na ipi inafuata. Baadaye zikaja kebo nyembamba, kila diski na yake, kazi ikawa nyepesi. Kilichobaki kigumu ni kuamua diski hizo ziishi vipi. Unaweza kuzifanya pacha: kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile, moja ikifa nyingine inabaki. Au unaziunganisha zionekane diski moja kubwa, kila faili likigawanywa huku na kule. Hapo nafasi ni tele, lakini ikifa moja, zimekufa zote.

Miaka ikapita, nikahamia Vwawa, kwenye chuo cha ufundi. Ndiko alikonijia Mwalimu Kibona, mstaafu kutoka Ibaba. Kwa miaka mingi alikuwa akizunguka vijiji vya Ileje na kinasa sauti, akirekodi wazee wakisimulia ngano kwa Kindali. Kwenye rekodi hizo kulikuwa pia na sauti ya marehemu mkewe, akiimba nyimbo za kupalilia.

"Mama, nafasi imeniishia," alisema. "Niongezee."

Nilihamishia rekodi zake kwenye kompyuta ya chuo, nikafunga diski ya pili kwenye kompyuta yake, nikaziunganisha mbili zile kuwa moja, nikamrudishia vitu vyake. Kisha nikafuta nakala ya chuoni. Nilijua upacha ndio salama, lakini usingempa nafasi aliyoitaka, na kumweleza yote hayo niliona ni kumchosha mzee.

"Tayari, Mwalimu," nikamwambia. "Rekodi mpaka uchoke."

Alirudi baada ya misimu miwili ya mvua, kompyuta ameifunga kwenye kitenge. Nilipoiwasha, diski moja iligonga ko, ko, ko, kisha ikanyamaza. Siku tatu nilihangaika. Nilibadili kebo, nikaijaribu kwenye kompyuta nyingine. Wapi!

Mkuu wa Chuo aliniangalia, akasema, "Mweleze wewe mwenyewe. Usimtume mtu."

Nikamweleza, na nikamwambia kosa ni langu.

"Hata za mama Tumaini?" aliuliza. Ndivyo alivyomwita mkewe.

"Hata hizo, Mwalimu. Nisamehe."

Alikunja kile kitenge taratibu, pindo juu ya pindo. "Wale wazee nitawatafuta tena," akasema. "Waliobaki."

Aliwapata wawili tu. Hata hivyo, kila aliposhuka Vwawa alipitia kwangu, tukanywa chai, akanisimulia ngano zilizopotea kadiri alivyozikumbuka. Hakunilaumu hata siku moja. Laiti angenilaumu.

Sasa nimestaafu, nimerudi Tunduma, na macho hayaoni tena pini ndogo. Ninyi mnaoingia kazi hii, mwelezeni mwenye mali kila kitu, hata akiwa na haraka, hata mkidhani hataelewa.

Mwaka jana nilikwenda Ibaba kumzika Mwalimu. Baada ya mazishi, binti yake Tumaini alinishika mkono, akanivuta kando.

"Mama, baba alikuwa anakaa sana kwako akisimulia. Huna sauti yake, hata kidogo?"

Miaka yote ile mezani kwangu hapakukosa kinasa sauti cha mteja, naye Mwalimu akiongea mbele yangu, na sikuwahi kubonyeza hata kimoja.

"Sina, mwanangu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuwagawia wageni chakula.