Mtu Aliyekataa Ugali wa Matanga

Shida ilianza mwaka wa 1991, nikiwa na miaka kumi na minne, siku polisi walipomchukua mama yangu. Mama alikuwa akiwauzia uji wachimba dhahabu wa Masara. Asubuhi hiyo mnunuzi mmoja wa dhahabu alikunywa kikombe chake, akaanguka, povu likamtoka mdomoni, akafa. Kufika saa nne mama alikuwa seli Migori, na watu waliokunywa uji wake miaka mitatu bila hata kuumwa tumbo walikuwa wanatema mate mbele ya mlango wetu.

Shule niliachia darasa la nne. Lakini nilijiuliza kitu ambacho wale wapelelezi wawili wenye viatu vya kung'aa hawakujiuliza: sufuria ni moja, wamekunywa watu thelathini, mbona amekufa mmoja? Nikawaambia. Mmoja akacheka.

"Wewe msichana, nenda nyumbani ukafue nguo."

Mjinga mwenye mshahara.

Marehemu kwao ni upande wa Oyugis. Nilifika huko juu ya lori la mbao, nikaomba kazi ya kuosha vyombo matangani. Hakuna aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani. Anayeosha sahani za watu hatazamwi usoni.

Aliyelia kuliko wote alikuwa mshirika wa marehemu katika biashara, bwana wa koti na saa ya mkononi. Ndiye aliyewaonyesha polisi mama yangu. Alileta fahali, alishika kipaza sauti, aliimba mpaka sauti ikakauka, na wazee wakamsifu. Siku ya kwanza sahani yake ilinirudia na ugali wote na nyama yote. Siku ya pili nyama alimpa mbwa. Jioni nikamkuta nyuma ya choo akila mkate wa dukani na soda, mashavu yamejaa kama mtoto aliyeiba sukari.

Kwetu kila mtu anajua: ukimuua mtu, chakula cha boma lake usiguse. Ukila utavimba ufe. Bwana yule alizungumza Kiingereza na kutucheka sisi washamba, kumbe aliliogopa jambo hilo kuliko nyanya yangu. Kuua aliweza. Tonge la ugali lilimshinda.

Siku ya tatu, mchana, wazee wote wakiwa wameketi, nilimpelekea sahani mwenyewe.

"Baba, hujala tangu juzi. Sahani zako naziosha mimi."

"Tumbo linanisumbua. Ondoa."

"Na ule mkate wa nyuma ya choo, tumbo liliukubali?"

Vijana wakaangua kicheko. Mama wa marehemu hakucheka. Aliinuka polepole, akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akamnyooshea.

"Mwanangu, ulikula na mtoto wangu siku zote. Kula hili moja tu, tukuone."

"Nitakula kesho, mama."

"Kesho tunaanua matanga. Kula."

Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Akalitazama lile tonge, akapiga magoti, akaanza kusema bila kuulizwa: dawa ya kuogeshea ng'ombe, aliitia kwenye kikombe wakati mwenzake ameinama kupima dhahabu. Alitaka wateja wa marehemu. Basi, kwa wateja tu.

Wiki iliyofuata mama alitoka. Mpelelezi yule yule aliyenicheka alisimama barazani akaeleza jinsi alivyomshuku yule bwana tangu mwanzo, na watu wakapiga makofi. Majirani walirudi kwenye uji wakisema, "Sisi tulijua tu." Mama aliwapakulia. Mimi nisingewapa hata maji ya kunawa.

Mama alikaa nami miaka ishirini na sita baada ya hapo, akafa kitandani kwake, ameshiba.

Nilianzia kwenye sufuria yake ya uji, na leo nina nyumba ya mawe Oyugis, vyumba sita vya kupangisha Migori mjini, mashine mbili za kusaga, ng'ombe kumi na mmoja, shamba la miwa, na malori mawili, moja bovu.