Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Mama mkwe wangu, mwenyeji wa Lipingo kule ziwani, hakuwahi kunitazama usoni, wala mimi sikumtazama. Ndiyo heshima aliyolelewa nayo: mwanamume na mama wa mkewe hawaongei ana kwa ana. Alipokuja kututembelea Mbinga, mke wangu ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Mama akitaka maji ya kuoga anamwambia bintiye, bintiye ananiambia mimi, na mimi nimeshasikia yote tangu mwanzo. Nilikuwa nawacheka kimoyomoyo. Mimi ni mtu wa kusema jambo likaisha.

Wiki ile mke wangu akaenda Songea msibani, akatuacha wawili. Mama jikoni, mimi uani nageuza kahawa niliyoianika. Akiwa na shida alimpigia simu bintiye, kisha yangu inaita: "Mama anasema chumvi imeisha." Na kutoka jikoni hadi nilipokuwa, angenirushia punje ya kahawa ikanipata.

Asubuhi moja nikamsikia anagumia. Nikampigia mke wangu, hapatikani. Akagumia tena. Nikasimama nje ya jiko nimegeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, nikakohoa ajue nipo. Nikakohoa tena. Nilipandwa na hasira, na chini ya hasira ile ulikuwa woga mtupu.

Hatimaye akasema, lakini si kwangu. Alikuwa akizungumza na kuku aliyekuwa anadonoadonoa mlangoni.

"We kuku, mwambie mwenye nyumba tumbo linanikata tangu juzi. Leo nimeshindwa kusimama."

Tangu juzi. Simu zote zile za chumvi na kuni, na tumbo hakulitaja, asije akamtia bintiye hofu huko msibani. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, na mimi ndiye ambaye hakuweza kumwambia. Nikamjibu kupitia kuku huyohuyo kwamba nakwenda kuita bajaji.

Hospitalini, nesi alipomuuliza anaumwa wapi, mama aliinamisha kichwa akanyamaza, maana nilikuwa nimesimama palepale. Nikatoka, nikasimama nyuma ya pazia. Ndipo akaeleza kila kitu. Daktari akampima, akasema lazima apasuliwe mchana uleule.

Nesi alikuwa anamwandaa nilipomsikia mama tena, sauti imepungua.

"Mwambie huyo wa nje asiende kokote. Naogopa."

Nesi, binti mgeni wa huku kwetu, akafunua pazia kidogo. "Baba, si umemsikia mwenyewe? Ongeeni tu."

Nikainamisha macho, nikamwomba amwambie nipo, siondoki mpaka atoke.

Nesi alitutazama kwa zamu. Nilidhani atatufokea, kwa kazi zilizokuwa zinamsubiri. Lakini akamgeukia mgonjwa wake, akamshika mkono, akasema taratibu, "Anasema yupo, mama. Haondoki mpaka utoke."

"Mwambie nimemsikia," mama akajibu.