Hesi za Kifuniko cha Mama

Mimi si mtu wa kujisifu bila sababu, lakini sababu ninazo. Niliondoka Timbwani na begi moja. Kule Ghuba, Uarabuni, nilibeba mabomba mchana na kusoma jioni, nikarudi na diploma ya ufundi mitambo, kompyuta yenye nguvu, na printa ile inayojenga vitu kwa plastiki iliyoyeyushwa, tabaka juu ya tabaka. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Diploma nimeitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akikaa hawezi kuikwepa.

Kwa hivyo kifuniko cha mtungi wa mama kilipopasuka, nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Mtungi wenyewe ni wa plastiki nyeupe. Marehemu baba alipewa kazini bandarini, akaujengea kibao cha saruji bafuni ulale ubavu. Mama magoti yamemchoka. Hukaa kwenye kigoda, hulegeza kifuniko kidogo, maji yakachirizika, akatia udhu, kisha akakaza. Mitungi ya madukani haikai kwenye kile kibao, na mdomo wa ule wa baba ni mpana. Likoni nzima nimezunguka, hakuna kifuniko kinachouenea.

Dada yangu, ambaye anaishi nasi, alitaka awe anammiminia maji kwa kopo. Mama alikataa.

"Nitaoshwa siku moja," alisema, "na siku hiyo sitakuwa na la kusema. Kwa sasa niachieni mikono yangu."

Nikaketi kwenye kompyuta. Hapa niseme jambo ambalo wachoraji wengi hawalijui. Programu hizi za kuchorea vifaa zina njia ya mkato: ukitaka hesi, yaani yale meno yanayozunguka skrubu, inakubandikia picha ya meno tu. Kwenye kioo cha kompyuta yanang'aa, lakini ukichapisha unapata kitu laini kama yai. Mimi siwezi kudanganywa hivyo. Nilipima mdomo wa mtungi kwa kalipa, nikapima na nafasi kati ya jino na jino. Nikachora mstari unaopanda kwa kuzunguka, mfano wa ngazi za mnara, kisha nikalipitisha umbo la jino juu ya mstari ule, mwanzo hadi mwisho. Nikaacha upenyo mwembamba ili plastiki isigandane na plastiki. Meno yakatoka makali, yamenyooka, kama ya bolti mpya dukani. Juu ya kifuniko nikaweka herufi ya kwanza ya jina langu, imeinuka, kubwa. Fundi huweka alama.

Kifuniko kiliingia kama kimezaliwa pale. Nikamwita dada aje aone.

"Mashallah," alisema. "Na mama ameshakijaribu?"

Mama alikaa kwenye kigoda, akatia udhu, akakaza. Kisha akachukua ncha ya leso yake, akaizungushia kifuniko, akakaza tena. Akavuta pumzi, akasema bismillahi, akakaza mara nyingine. Kikalia kra, na maji yakamwagikia miguu yetu sote.

"Ndugu yangu," dada alisema huku akikinga ndoo, "huko walikufundisha kuchora ama kuvunja?"

"Mama, mbona umekaza hivyo? Kilikuwa kimeshafunga."

"Nitajuaje? Tone likipotea usiku kucha, ni israfu, na nitaulizwa mimi, si wewe."

Hapo ndipo elimu yangu ilipofanya kazi yake. Kule Ghuba bolti inakazwa kwa kipimo, na anayezidisha hufokewa. Nyumbani kwetu hakuna kipimo kinachoshinda hofu ya israfu. Mama hukaza hivyo, na bibi aliyemzaa alikaza hivyo. Meno yangu makali yalifaa chuma, nami nimeyachapisha kwa plastiki; yalikuwa yakingoja leso ya mama tu yavunjike. Sikuwa na nia ya kumbadilisha mama. Nikabadilisha hesi.

Nilizivimbisha, nikazifanya za mviringo juu na nene kwenye shina, jino moja nono badala ya mengi membamba. Mwanzo wa hesi nikauteremsha polepole hadi usawa wa ukuta wa kifuniko, ili mkono wake wenye baridi yabisi usihangaike kutafuta pa kuingilia. Ndani nikalaza duara la mpira, na ukingo wa kifuniko nikaufanya ugote kwenye mdomo wa mtungi, ili anayekaza ahisi mwisho kabisa, hata kupitia leso. Ukuta nikauongeza unene, na herufi yangu nikaiacha palepale juu. Dada alikiona akasema kinafanana na kofia ya mlevi. Yeye hana diploma.

Adhuhuri mama aliingia bafuni, akafunga mlango. Tulisimama nje tukisikiliza. Maji yalichirizika, yakanyamaza. Tukasikia leso ikisugua plastiki, mara ya kwanza, ya pili, kisha bismillahi. Dada alikuwa amenishika kiwiko. Hakuna kilicholia.

"Weye," mama aliita.

"Naam, mama," niliitika.

"Mnasimama nje mwangoja nini? Nendeni mkaswali."

Alitoka mwenyewe, mkono ukutani, uso unang'aa kwa maji. Nikamuuliza amekionaje.

"Kizuri. Hii herufi hapa juu ndiyo yenye maana, yazuia kidole kisiteleze." Akajipangusa uso kwa ncha ya leso. "Hayo mengine sikuyaona."