Spana Ndani ya Zaburi

Mungu asifiwe, aliyetutunza hata leo. Nikifungua Biblia ya mama, doa la grisi kwenye Zaburi hunirudisha mjini Uvira, kando ya ziwa, asubuhi ile mapigano yalipokaribia na lori la baba likakataa kuwaka. Bibi hakuweza kutembea. Alikuwa amekwishapandishwa lorini, juu ya magunia ya mihogo.

Baba, aliyekuwa akilitengeneza kwa spana, alisimamisha kazi ili tusome Zaburi na kuomba. Baada ya amina, spana haikuonekana. Tulipekua hadi kwenye mihogo.

"Weye mwana, labda umeimeza na ugali!" Bibi akamtania baba.

"Basi tuombe tena," mama akasema. Akakunjua kitenge alichofungia Biblia, akaifungua, spana ikamwangukia miguuni. Baba alikuwa ameilaza pale wakati wa kusoma ili upepo wa ziwa usipeperushe kurasa, na mama akaifunga Biblia nayo bila kuiona.

Baba akamaliza kazi, lori likawaka, na Bibi alicheka mpaka tukavuka mto Ruzizi, mbali na mapigano.

Nawe unayesoma, Bwana akufikishe salama.