Wifi yangu anaambiwa akazikwe kwao

Nificheni jina, maana ukoo wetu wote wana simu. Mimi ni mama wa miaka sabini na tatu, Msambaa wa Malindi, Lushoto. Niliachika zamani nikarudi kwa baba, naishi na wifi yangu, mjane wa marehemu kaka. Mjukuu ndiye anaandika, ila hasira ni zangu na nimemwambia asipunguze hata neno.

Wifi nilimpata barabarani. Zilikuwa zama za Ujamaa, mimi msichana, nasindikiza kabichi zetu Mombo kwa lori ambalo kaka alikuwa utingo wake. Karibu na Soni mlima ukaporomoka, tukakaa kutwa kusubiri njia ifunguliwe. Pembeni yangu juu ya magunia kulikuwa na binti mwenye chale usoni, anateremka kwa shangazi yake kwenye mashamba ya mkonge. Nikamuuliza kwa umbea tu, "Dada, kwenu wapi?"

Akacheka. "Kwetu Msumbiji. Ila kwa leo kwetu ni hapa kwenye gunia."

Akanisimulia ndege za Wareno zilivyowakuta shambani wanang'oa mihogo, maghala yao yalivyochomwa, walivyokata pori kuelekea mto Ruvuma na mama yake mgonjwa. Mama akakata roho kabla hawajavuka. "Tulimfukia kwa mikono, hatukuweka hata jiwe, maana askari walikuwa nyuma yetu. Leo ukinipeleka pale siwezi kukuonyesha alipolala." Yeye hakulia. Nililia mimi, na kaka yangu aliyekuwa anasikiliza huku akijifanya anafunga turubai.

Mwaka haukuisha kaka akamwoa. Mungu hakuwapa mtoto, lakini ni yeye aliyemuuguza baba yetu mpaka mwisho, akimwogesha na kumlisha uji, wakati mdogo wangu wa kiume yuko mjini hata salamu haleti.

Sasa wifi anaumwa, miguu imevimba, na ana ombi moja tu: azikwe migombani, ubavuni mwa mumewe. Jumapili huyo mdogo wangu, ambaye leo ndiye mkubwa wa ukoo, akaitisha kikao na kutamka mbele za watu: "Mkimbizi hana mtoto hapa. Tukimzika, kesho ndugu zake watakuja kudai mgunda huu, shamba la baba. Akazikwe kwao."

Kwao wapi? Ameolewa hapa, amezeekea hapa, jembe lake limeisha kwenye shamba hilo hilo!

Jamani, nilichemka. Nikamwambia, "Na wewe kwenu wapi? Umesahau Operesheni Vijiji? Mgambo waliezua nyumba ya baba kule mlimani, tukateremka na kuku kwenye vikapu, tukaletwa hapa kwenye ardhi ya watu. Hatujachimba hata choo, bibi akafariki. Wenye bonde wakatukatia sehemu ya kumzika bila kutuuliza sisi ni nani. Kaburi la kwanza la mgunda huu ni la mtu aliyehamishwa!"

Akanijibu bila haya, "Dada, hata wewe uliyerudishwa na mume uko hapa kwa hisani. Ukiendelea, mtatafuta makaburi nyote wawili."

Mtoto niliyembeba mgongoni! Na wazee waliokula ugali wa wifi yangu miaka yote wakatazama chini, hakuna aliyefungua mdomo. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Nilidhani wifi hakusikia. Leo asubuhi nimemkuta amekaa kitandani, nguo zake amezifunga kwenye kitenge, viatu amevilazimisha kwenye ile miguu iliyovimba. Akaniuliza taratibu, "Wifi, gari la Mombo siku hizi linapita saa ngapi?"

Nimemwambia avue viatu kwanza. Niende serikali ya kijiji nikamshitaki mdogo wangu wa damu, ukoo unifukuze na mimi na uzee huu? Au ninyamaze kama wale wazee? Nishaurini upesi, nifanye nini, maana mpaka sasa amekataa kuvua viatu.